Asubuhi Tuliyoitikia kwa Vichwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha dobi, Mheshimiwa mgeni rasmi, Matroni wa hospitali ambayo mashuka yake tunayajua kuliko tunavyoyajua ya vitandani kwetu, Bwana Meneja, Bwana Msimamizi wa zamu ya asubuhi, ndugu wahitimu mliovaa mashati yaliyopigwa pasi na watu wanaojua kupiga pasi, wafanyakazi wenzangu wa kuchambua, kufua, kukausha, kunyoosha, kukunja na kushona, waume, wake, wazazi na watoto mliokuja kushuhudia, na wewe kaka yangu uliyekaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kuwahi kuondoka: habari zenu za mchana.

Itifaki nimeizingatia. Kama kuna mkubwa nimemruka, anisamehe, na aniambie baadaye. Sasa hivi nina kazi.

Karani wa ofisi, muungwana yule, amenichapia hotuba ya mistari kumi na miwili. Nimeisoma tangu jana. Ni hotuba nzuri, haina hata kosa moja, na inasema kwamba nawashukuru viongozi kwa moyo wao wa kutujali. Viongozi, nawashukuru. Karani, karatasi yako hii hapa, nakurudishia ikiwa haijakunjwa, maana nitakayoyasema mimi hayamo humo.

Nimesimama hapa kwa jambo moja, na sitaki mtu yeyote afike nusu ya hotuba akijiuliza bibi huyu anaelekea wapi. Ndani ya ofisi ile yenye pazia la kijani kuna kabati, ndani ya kabati kuna faili la wifi yangu, na ndani ya faili lake kuna barua ya onyo. Barua hiyo ina miaka mitatu. Nataka itoke. Nataka itoke leo, mbele ya mashahidi, na nitaeleza kwa nini mimi, na si mtu mwingine, ndiye ninayepaswa kuiomba.

Lakini kwanza niwasifu wahitimu, kwa sababu wamestahili, na kwa sababu nikianza na lile zito nitashindwa kurudi kwenye hili jepesi.

Mgeni rasmi, pengine umeambiwa kwamba hapa tunafundishana Kiingereza. Si kweli. Kiingereza cha kuombea kazi kila mmoja alikuja nacho mwenyewe. Tunachofundishana ni misemo: yale maneno ambayo unajua kila moja lina maana gani, na bado ukiyaweka pamoja hujui umeambiwa nini. Wenzetu wanasema mtu amepiga ndoo teke, kumbe amefariki. Fundi wetu wa boila aliposikia hilo aliweka kalamu chini, akasema, "Kiwanda kina ndoo mia mbili, na wewe unatuambia leo?" Wakasema mvua inanyesha paka na mbwa. Fundi huyo huyo akauliza mbona mbuzi wameachwa. Wanasema kazi fulani ni kipande cha keki, pale ambapo sisi tungesema ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Wanasema mtu anauma risasi, na sisi tunasema anapiga moyo konde. Je, nani kati yetu ana haki ya kumcheka mwenzake? Hebu mwambieni mgeni kwamba jirani yenu amekula chumvi nyingi, muone kama hatamkimbizia maji ya kunywa.

Tunafundishana vipi? Tunatumia tunachokijua. Nyuma ya chumba cha kushona kuna kamba, na kwenye kamba tunaanika misemo. Tunakata maboksi ya sabuni, tunaandika msemo mmoja kwa kila kipande, tunaubana kwa kibanio. Msemo unaanikwa Jumatatu saa sita, wakati wa mapumziko ya chakula. Hauanuliwi kwa kukaririwa. Unaanuliwa pale tu mmoja wetu atakapousikia au kuutumia kazini, kwa mtu wa kweli, kuhusu jambo la kweli, kisha arudi atueleze ilikuwaje. Kuna misemo imekaa kambani miezi mitano mpaka wino umepauka. Tumeiacha. Nguo isiyokauka haikunjwi.

Na tuna sheria moja tu. Kila somo linaanzishwa na yule anayedhaniwa kujua zaidi, naye anaanza kwa kutaja jambo moja asilolielewa. Asipolitaja, somo halianzi. Tulikaa siku moja dakika ishirini, chakula kinapoa, kwa sababu ilikuwa zamu ya dereva wetu naye alidai anaelewa kila kitu. Mwishowe akakiri kwamba tangu utotoni hajawahi kuelewa kwa nini saa inasemwa moja wakati imeandikwa saba. Tukala.

Dereva huyo huyo, Mheshimiwa Matroni, ndiye uliyezungumza naye kwa simu mwezi wa tatu, ukamwambia kwa Kiingereza kwamba mpira sasa uko kwenye uwanja wetu. Zamani angekujibu "ndiyo, ndiyo," akakata simu, akaja kutuuliza kuna mechi gani. Siku ile alikujibu kwamba ameelewa uamuzi ni wetu, na kwamba utapata jibu kabla ya saa nane. Ukalipata saa saba na nusu. Alirudi akauanua msemo ule kambani kwa mkono wake, akatembea nao mfukoni wiki nzima. Dereva, simama watu wakuone. Haya, kaa, usije ukazoea.

Dada wawili wa taulo, mliokuwa mnajificha nyuma ya rafu kila mkaguzi alipoingia, leo mnamsindikiza ninyi. Fundi wa boila, uliyeniambia kwamba kichwa chako kimeshajaa na hakiingii kitu, leo unawasahihisha watu mpaka wanakukwepa. Hongereni. Hongereni sana. Sifa hizi ni zenu na hakuna atakayezipunguza, hata mimi kwa haya ninayokuja kuyasema.

Kwenye kile kijitabu cha ratiba mlichopewa mlangoni, ukurasa wa pili, nimeandikwa mimi. Imeandikwa kwamba darasa hili lilianzishwa na Mama Kamusi, fundi mkuu wa viraka, kwa moyo wake wa kujitolea. Cheti changu kiko pale mezani, kina fremu. Nilipousoma ukurasa huo nyumbani, sikula.

Darasa hili halikuanzishwa na moyo wa kujitolea. Lilianzishwa na uongo. Nisikilizeni.

Mnajua kwa nini naitwa Mama Kamusi? Wazee wa hapa wanajua. Miaka kumi na minne iliyopita ililetwa sabuni mpya, maandishi yote ya Kiingereza, na mimi ndiye niliyesoma kwamba isichanganywe na ile ya zamani. Nilisoma sawasawa, na nadhani niliokoa macho ya watu. Tangu siku ile nikawa Kamusi. Karatasi ikija, mpeni Kamusi. Mgeni akisema, mtazameni Kamusi. Jina lile lilinikaa vizuri. Nilitembea nalo kifua mbele, na niwaambie ukweli, nililipenda kuliko jina nililopewa na mama yangu.

Basi kukawa na desturi ambayo hakuna aliyeitunga. Asubuhi saa moja, kabla mashine hazijawashwa, tunakusanyika pale penye matoroli. Anayehusika anazungumza. Akimaliza, Bwana Msimamizi anauliza, "Tumeelewana?" Halafu watu wote wananitazama mimi. Mimi nikiitikia kwa kichwa, vichwa vyote vinaitikia. Kisha inapita karatasi, tunaiita karatasi ya kuelewa, ina kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila mtu anaweka sahihi kwamba ameelewa. Ilichukua dakika tatu. Tulijisifu kwamba hakuna kiwanda kinachomaliza mkutano haraka kama sisi.

Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita, alikuja mhandisi mgeni wa kampuni iliyotuuzia mashine za kunyoosha mashuka. Kwa wageni wetu wasioijua mashine hiyo: ni mapipa mawili ya chuma yanayochemka kwa mvuke, yanazunguka, na shuka linapita katikati likiwa limelowa na kutoka limenyooka. Mbele ya mapipa kuna ubao wa kinga. Mkono ukiugusa ubao, mapipa yanasimama. Ubao huo ndio unaotufanya turudi majumbani na vidole kumi.

Mhandisi alikuwa ameikagua mashine namba nne. Akazungumza kwa Kiingereza, kwa haraka, kwa upole, kama anavyozungumza kwao. Alisema, nikiyageuza maneno yake moja moja, kwamba kinga ya namba nne imesimama kwenye miguu yake ya mwisho, na kwamba tusiisukume bahati yetu mpaka atakaporudi na kifaa kipya. Sikuelewa. Sikuelewa la kwanza, sikuelewa la pili. Sitaki kuwaambia kwamba nilielewa vibaya, maana hiyo ingekuwa nafuu kwangu. Sikuelewa kabisa, na nilijua kwamba sielewi.

Bwana Msimamizi akauliza, "Tumeelewana?"

Mkanitazama. Nilikuwa na sindano mdomoni, nakumbuka, na mita ya kushonea shingoni. Ingenigharimu nini kusema "bado"? Neno moja tu. Lakini nilikuwa Kamusi, na Kamusi haisemi bado. Nikaitikia kwa kichwa.

Vichwa vyenu vikaitikia. Karatasi ikapita. Sahihi kumi na tisa.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo, shuka lilikunjamana pembeni kwenye namba nne. Wifi yangu alikuwa zamuni. Alifanya kile ambacho nyote mngefanya na mlishakifanya mara elfu: alinyoosha mkono kulirekebisha, akiutegemea ubao. Ubao ukaguswa. Mapipa hayakusimama.

Sitaelezea zaidi. Watoto wapo. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na aliyekuwa wa kwanza kumfikia nilikuwa mimi, na nilimfunga kwa foronya niliyokuwa nimetoka kuitia kiraka.

Wiki tatu baadaye ofisi ilifanya uchunguzi. Iliulizwa: je, watu walionywa? Mhandisi alisema aliwaonya. Je, walielewa? Ikatolewa karatasi. Sahihi yake ilikuwa ya saba. Ikaandikwa barua, na maneno yake nayajua kwa moyo: kwamba alipuuza onyo alilolielewa na kulitilia sahihi, na kwamba hilo liwekwe kwenye kumbukumbu zake. Ndiyo maana kila nafasi ya kuongoza mashine inapotangazwa, wifi yangu hajitokezi. Ndiyo maana mwanamke aliyefundisha nusu ya wanyooshaji wa kiwanda hiki ameketi miaka mitatu akihesabu foronya.

Mnasemaje? Kwamba ni bahati mbaya? Ngojeni.

Siku barua ilipotoka nilikwenda kwao. Kaka, usiangalie mlango, niangalie mimi. Tulikuwa mezani, chai imemiminwa. Kaka yangu ameishika barua, mkewe ameuweka mkono wenye bandeji juu ya mto. Kaka akamwambia, "Dada alikuwa palepale. Dada alielewa. Wote walielewa. Wewe ulikuwa unafikiria nini?"

Wifi akasema, "Labda sikusikia vizuri."

Halafu akanigeukia. Akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi, "Wifi, hivi alisema nini hasa?"

Nikakoroga chai. Ilikuwa haina sukari, nami nikaikoroga. Nikamwambia, "Alisema kinga imechoka, tuwe waangalifu."

Nilikisia. Baada ya yaliyotokea, nani angeshindwa kukisia? Na kisio langu lilikuwa sahihi, na hapo ndipo niliposhiriki kuiandika barua ile, ingawa kalamu haikuwa yangu. Maana wifi aliinamisha uso akasema, "Basi ni mimi tu."

Ni mimi tu. Miaka mitatu nimeyasikia maneno hayo kila nikitia uzi kwenye sindano.

Mhandisi alirudi baada ya miezi mitatu na kinga mpya. Nikabeba vitambaa vya kushona nipate kisingizio cha kusimama karibu naye, nikamuuliza misemo ile miwili maana yake nini. Akanieleza taratibu. Wa kwanza husemwa kwa mtu au kitu kilichochakaa kikawa karibu kukata roho. Wa pili ni kumkanya mtu asiendelee kubahatisha kwa kuwa tu mpaka sasa amesalimika. Kisha akanitazama, akauliza, "Kwa nini unaniuliza leo? Siku ile mlisema mmeelewa."

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, mashine zimezimwa. Nikamjibu, "Nataka kuanzisha darasa."

Hivyo ndivyo lilivyozaliwa, Mheshimiwa Mkurugenzi. Nilidanganya, na kwa kuwa nilishadanganya ikabidi nianzishe kweli. Na mnajua nani alikuwa wa kwanza kujiandikisha? Alikuja siku ya kwanza kabla sijafunga kamba. Aliandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kila upande. Akaniambia, "Wifi, nianzishie na ile ambayo ninyi nyote mliielewa siku ile. Sitaki nibaki nyuma tena."

Nikakata boksi. Nikaiandika. Nikamfundisha kana kwamba niliijua tangu zamani. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Leo ndiye wa kwanza katika orodha ya wahitimu, na kuna watu hapa wanadhani ni kwa sababu ana bidii. Ana bidii, ndiyo. Lakini alisoma kwa bidii ya mtu anayeamini kwamba katika watu kumi na tisa yeye peke yake ndiye mjinga.

Wifi yangu, nakwambia mbele ya mumeo, mbele ya watoto wako, mbele ya mkuu wa kiwanda na mgeni wake. Hukuwa peke yako. Mimi sikuelewa. Uliweka sahihi kwa sababu mimi niliitikia, na mimi niliitikia kwa sababu niliona aibu. Vidole vyako vilikwenda na aibu yangu. Nilipaswa kukuambia pale kwenye chai. Nilipaswa kukuambia kila Jumatatu kwa miaka mitatu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nimeitembea kila siku nikikuona mbele yangu. Naomba unisamehe, na kama huwezi, sitakulaumu, na nitaendelea kuomba.

Naona watu wameinama. Inueni vichwa. Sijamaliza, na sikuja hapa kulia.

Wapo wanaonitakia mema ambao niliwadokezea asubuhi nitasema nini. Wakaniambia, "Mama Kamusi, umebakiza miezi mitano ustaafu. Nyamaza, upewe cheti, uagwe kwa heshima. Kidole kilichokatika hakioti." Kweli, kidole hakioti. Lakini barua inafutika! Barua ni karatasi, na iliyoandikwa na watu inaweza kutolewa na watu. Nikinyamaza leo, nitakwenda nyumbani na fremu, nitaipigilia ukutani, na kila mgeni akiisoma itabidi nikoroge chai.

Mheshimiwa Mkurugenzi, sheria za kazi nazijua. Aliyeficha ukweli kwenye uchunguzi naye ana barua yake. Iandike. Nitaipokea kwa mikono miwili na nitaweka sahihi, na safari hii nitakuwa nimeelewa kila neno. Cheti kile kikae pale mezani kwanza. Sitakigusa maadamu barua ya wifi yangu imo kabatini. Si hasira, wala simshurutishi mtu. Ni kwamba mikono yangu haiwezi.

Na kuhusu desturi yetu, niseme hili, kisha nimalizie. Tumelelewa na methali kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwenye sherehe ni methali tamu, msemaji anaitoa na waliojua wanacheka. Hapa kwetu, mbele ya mapipa yenye mvuke, haifai hata kidogo. Hapa asiyejua maana ndiye wa kwanza kuambiwa, na anayejua anamngoja. Darasa letu limelifanya hilo nyuma ya chumba cha kushona kwa miaka mitatu, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Karatasi ya kuelewa ina safu moja tu ya sahihi. Iongezwe ya pili, ya wale ambao bado hawajaelewa, na mkutano usifungwe mpaka safu hiyo iwe tupu. Mkutano utachukua nusu saa? Uchukue nusu saa. Mashuka hayajawahi kulalamika kuchelewa kunyooshwa. Najua, Matroni, wewe umewahi, lakini utatuvumilia.

Sasa naomba kitu kimoja kwa wenzangu. Barua inasema wifi yangu alipuuza alichokielewa, na ushahidi wake ni kwamba sote tulielewa. Basi ushahidi tuutoe sisi. Kila aliyekuwapo asubuhi ile penye matoroli, akaitikia kwa kichwa bila kuelewa, akaweka sahihi bila kuelewa, asimame. Simlazimishi mtu. Sitamtaja mtu. Mimi nimeshasimama, ni wa kwanza.

Fundi wa boila. Asante, ndugu yangu.

Dereva. Safari hii simama utakavyo, sitakuambia ukae.

Dada wa taulo, wote wawili, mmeshikana mikono. Wa kukausha. Wa kuchambua, watano, sita. Na wewe mama wa ghala la sabuni, nilidhani wewe ulielewa! Miaka yote hii nilidhani angalau wewe ulielewa. Hata Meneja? Bwana Meneja, ulikuwa umekuja kusalimia tu asubuhi ile, lakini sahihi yako ipo, nakumbuka, ilikuwa kubwa kuliko zote. Asante.

Karani, wahesabu. Andika namba, na uandike na saa.

Bwana Msimamizi wa zamu. Barua ile ina jina lako chini. Sikuja kukuaibisha, ulipouliza kama tumeelewana ulinitazama mimi, nami nikakudanganya kama nilivyowadanganya wengine. Unaweza kubaki umeketi na bado nitakuheshimu.

Umesimama.

Mwacheni, kusimama kwake kunatosha.

Mheshimiwa Mkurugenzi, umeona mwenyewe. Kumi na tisa walitia sahihi. Wawili walishahama kazi. Waliobaki wote wako wima isipokuwa mmoja. Naona umemnong'oneza Karani, na Karani ameelekea kwenye pazia la kijani. Hatuna haraka. Tutamngoja hivi hivi tulivyo.

Wifi, hapana, usiinuke. Wewe keti. Umesimama peke yako miaka mitatu, na leo ni zamu yetu.

Waheshimiwa, ndugu zangu, asanteni kwa kusimama.